Nani Anazungumza na Mtoto Huyu?

Binti yetu alifikisha miezi minane akiwa bado hajaweza kukaa. Ukimweka juu ya kitenge na kumzungushia mito, alisimamisha kichwa kidogo, kisha akainama taratibu upande wa kushoto kama mgomba uliolemewa na mkungu, hadi shavu likagusa sakafu. Hakulia. Alibaki vilevile alivyoangukia, akitazama miguu ya watu.

Mama yangu, ambaye nyumbani wote tunamwita koko, alimhesabia miezi kwa vidole kila jioni. Sisi tunakaa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, huku mlimani ambako paa la nyumba moja liko sawa na kizingiti cha nyumba inayofuata, kwa hiyo mtoto wa jirani yako unamwona hata usipotaka. Wa jirani alikuwa na miezi sita na tayari anakaa, anapiga sufuria kwa kijiko. Maneno yakaanza. Mmoja alisema mke wangu alikula kitu kibaya wakati wa mimba. Mwingine alisema ni jicho. Shangazi mmoja alileta habari za mzee anayechanja chale mgongoni, akasisitiza twende kabla jua halijatoka. Mke wangu alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha uso, na mimi, nakiri, nilinyamaza. Nilimwacha abebe lawama peke yake kwa sababu sikujua la kusema.

Siku ya kipimo niliomba ruhusa kazini, tukaenda wote watatu kituo cha afya. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia pale. Kwenye foleni tulikuwa wanaume wawili katikati ya akina mama labda hamsini.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini. Nilimweleza habari za mgongo. Yeye hakuanza na mgongo. Aliushika mkono wa kushoto wa mtoto, akauzungushia utepe katikati ya bega na kiwiko, akasoma: milimita 121. Njano. Akatuonyesha rangi zile kwa kidole: chini ya 115 ni nyekundu, huyo ni mtoto wa kutibiwa bila kuchelewa, kuanzia 115 hadi 125 ni njano, kuanzia hapo kwenda juu ni kijani. Akampima uzito, akaweka nukta kwenye fishi, ile kadi ya mtoto, akatuonyesha jinsi mstari ulivyolala tangu alipofikisha miezi mitano. Halafu akamshika binti yangu usoni kwa mikono miwili, akamtabasamia, akamwita, akapiga ulimi. Mtoto alimtazama bila kubadilika uso, kisha akageukia ukuta.

Ndipo akaanza kuuliza. Alizaliwa na uzito gani? Mama akienda sokoni, mtoto anabaki na nani, na huyo anampa nini? Wewe mama, jana ulikula saa ngapi? Maswali hayo tuliyajibu, mengine kwa aibu. La mwisho alinielekezea mimi: "Papa, nani anazungumza na mtoto huyu?"

Nilifikiri sikumsikia vizuri. Mtoto wa miezi minane, tuzungumze naye nini?

Kuhusu mgongo, alitutuliza mara moja, na ninataka wazazi wenzangu walijue hili kwa sababu lingetuokoa na usiku mwingi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2006, yanaonyesha kwamba mtoto anaweza kukaa bila kushikwa akiwa na karibu miezi minne, na mwingine akangoja hadi miezi tisa, na wote wawili wazima. Kutembea peke yake, mmoja anaanza na miezi minane, mwingine anakaribia kumi na minane. Wengine hata kutambaa kwa mikono na magoti hawatambai kabisa, wanapitiliza. Tena binti yetu alizaliwa wiki tano kabla ya wakati, na mtoto wa namna hiyo umri wake wa maendeleo unahesabiwa tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miezi saba tu. Mgongo wake ulikuwa ndani ya muda. Sisi na mtaa mzima tulikuwa tunaangalia pasipo na shida, na palipo na shida, yaani mkono na macho, hakuna aliyepaangalia.

Kwa nini alizaliwa mapema? Hapo inabidi nirudi mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipoingia Bukavu. Benki zilifungwa, watu walijifungia, na mke wangu, aliyekuwa na mimba inayokaribia miezi sita, hakuenda kliniki ya wajawazito kwa wiki nyingi. Chandarua chetu kilikuwa kimechanika na sikukishona. Mwezi wa tatu akashikwa na malaria kali. Malaria ikimkamata mwenye mimba, vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, pale pale chakula na hewa ya mtoto vinapopitia, na mtoto anazaliwa mdogo au mapema, au vyote viwili. Ndiyo maana kliniki huwapa wajawazito vidonge vya kinga, tangu miezi minne hivi ya mimba, dozi baada ya dozi kwa kuachanisha angalau mwezi, tatu au zaidi hadi kujifungua. Mke wangu alikuwa amemeza dozi moja. Binti yetu alizaliwa na gramu 2,050. Chini ya 2,500 anahesabiwa ni mtoto mwenye uzito mdogo.

Alipozaliwa, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na mashine ya kupasha watoto joto haikutosha kwa wote. Walimvua, wakamwacha na nepi na kofia, wakamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kitenge. Mtindo huu wanauita kangaruu. Ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali moja ilipoelemewa na watoto wengi kuliko mashine zake, na daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto kwenye vifua vya mama zao. Kilichoanza kwa sababu ya uhaba kimeonekana kuokoa maisha: mtoto hapotezi joto, ananyonya vizuri, maambukizo yanapungua, na siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza kianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa nane kwa siku au zaidi, hata kama mashine zipo.

Usiku wa tatu mke wangu alikuwa amechoka kiasi cha kusinzia amekaa. Muuguzi wa zamu akanigeukia, "Papa, vua shati." Nikadhani ananituma kitu. Akamchukua yule mtoto, akamweka kifuani kwangu, mguu mmoja huku na mwingine kule kama chura, sikio lake juu ya moyo wangu, akatufunga wote wawili. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa mwepesi kiasi kile. Pumzi yake ilikuwa inaruka-ruka, kisha taratibu ikatulia. Nilikaa hivyo mpaka asubuhi bila kugeuka. Tuliporudi nyumbani niliendelea wiki mbili, nikitoka kazini namchukua, na wanaume wa mtaani waliponiona na uvimbe ndani ya shati walikuja kuchungulia. Mmoja aliniuliza kama mke wangu amekufa.

Baada ya wiki hizo mbili mtoto akaongezeka uzito, na mimi nikaona kazi yangu imekwisha. Hapo ndipo nilipokosea. Nilirudi kwenye desturi yangu: natoka alfajiri, narudi giza limeingia, pesa ikiwepo naiweka mezani. Na mke wangu, mtoto alipofikisha miezi mitatu, akarudi soko la Kadutu kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu pesa yangu peke yake haikufika mwisho wa mwezi. Nani angemlaumu? Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza ni ushauri mzuri kweli, lakini ushauri huo unahitaji mtu wa kulipa kodi ya nyumba wakati mama ananyonyesha. Mtoto alibaki na mdogo wake mke wangu, msichana wa miaka kumi, ambaye naye ni mtoto. Alimpa alichoweza: uji wa muhogo, mwepesi, ndani ya chupa ya kunyonyea iliyooshwa kwa maji ya ndoo iliyobebwa kutoka bondeni.

Uji wa muhogo unajaza tumbo na kumdanganya mama. Ni wanga mtupu. Damu na misuli havipati kitu. Na ile chupa ilileta kuhara mara nne ndani ya miezi mitatu. Kila kuhara kunachubua utumbo, na utumbo uliochubuka haufyonzi hata chakula kizuri, kwa hiyo mtoto anayehara mara kwa mara anabaki na njaa hata akilishwa. Tulikuwa tukinunua dawa za kufunga tumbo mtaani, wakati alichohitaji ni chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne, na kuendelea kunyonya. Haya yote nilikuja kuyajua siku ile ya utepe.

Koko aliposikia neno njano, alisema neno moja tu: "Bwaki." Kila mtu wa Kivu wa umri wake anaijua bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, ngozi inabanduka, mtoto ananuna hataki hata kushikwa. Huko Lwiro, upande wa Kabare, madaktari waliwatibu na kuwachunguza watoto wa bwaki kwa miaka mingi. Vitabuni inaitwa kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilichukua katika lugha ya Ga ya Ghana miaka ya 1930, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Yaani lugha ile ilishaona mapema kwamba ugonjwa huo ni habari ya nyumba nzima, ya nani ameondolewa kwenye titi na kwa nini. Binti yetu hakuwa na bwaki. Lakini asilimia 42 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa katika uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018, na kudumaa hakuvimbishi mguu wala kutisha mtu. Mtoto anakuwa mfupi tu, mpole, na watu wanasema amerithi.

Kuhusu hayo maneno ya kurithi na ya jicho, koko alitueleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwake. Alikulia kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi. Utotoni mwake, anasema, mtu mwenye rovu, ule uvimbe mkubwa wa shingoni, hakuwa wa kushangaza, na karibu kila kijiji kilikuwa na watu waliozaliwa wakabaki wafupi, wasiosikia, wasiosema. Walisema ni laana ya ukoo, na wasichana wa koo hizo walikosa wachumba. Katika miaka ya 1960 wakaja madaktari wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange, wakapima shingo na damu za watu kisiwani. Walikuta kwamba ardhi na chakula vilikosa madini ya ayodini, na kwamba muhogo uliochukua nafasi kubwa katika chakula cha kaskazini ulizidisha shida, kwa sababu sumu yake isipotolewa vizuri huzuia tezi ya shingo kuitumia hata ile ayodini kidogo iliyopo. Mama mwenye mimba asipoipata, ubongo wa mtoto haujengeki inavyopaswa, na baada ya hapo haurekebishiki tena. Chumvi yenye ayodini, au mafuta yenye ayodini kwa sindano, ndivyo vilivyotosha kuzuia "laana" ile. Koko alipomaliza kusimulia alimwambia yule shangazi wa chale, kwa heshima lakini mbele ya watu wote, kwamba mgongo wa mjukuu wake hautachanjwa na mtu.

Kwa chakula, muuguzi hakutuagiza kitu cha dukani. Alisema masoso, unga wa mahindi, soya na mtama, upikwe uzito wa kutodondoka kwenye kijiko, uwekewe mafuta kidogo ya mawese na kijiko cha sambaza zilizokaushwa na kusagwa. Mke wangu alicheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu: mtu anauza sambaza mchana kutwa na mtoto wake hazijui. (Hata sambaza zenyewe ni wageni hapa, zililetwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Kikombe na kijiko badala ya chupa. Mara tatu kwa siku, na titi liendelee. Akatupa na matone ya madini ya chuma, kwa sababu akiba ya chuma mtoto huibeba kutoka tumboni katika miezi ya mwisho ya mimba, na aliyezaliwa mapema anaondoka kabla hajafunga mzigo wake. Chuma kikipungua, damu inapungua, na ubongo nao unachelewa kujengeka.

Jambo la jiko nalipita haraka: tulikuwa tunapikia makaa ndani ya chumba mtoto anacholala. Sasa tunapikia nje, mvua ikinyesha tunapikia chini ya ukingo wa paa. Kikohozi kimepungua.

Lakini lile swali la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Nani anazungumza na mtoto huyu? Nilijaribu kupitisha siku yake kichwani tangu asubuhi. Mimi, hakuna. Shemeji yangu mdogo anaosha vyombo, anateka maji, mtoto yuko mgongoni na hamwoni usoni. Mama yake anarudi jioni, ananyonyesha gizani, analala. Na mama yake, kusema kweli, alikuwa ameacha kuzungumza na sisi sote. Mdogo wake wa kiume alipotea zile siku za Februari, na hadi leo hatujui kaburi lake liko wapi. Mke wangu hakulia sana. Alifanya kazi zake zote, akapika, akafua, akauza. Uso wake tu ndio ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Niliita hali hiyo uchovu.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Tronick aliwaomba mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha waukaushe uso kwa dakika chache, wamtazame mtoto bila kumjibu chochote. Mtoto kwanza anatabasamu ili amrudishe mama. Ananyoosha mikono, anatoa sauti, anapiga kelele. Asipojibiwa anageuza uso na kujikunja. Dakika chache tu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka binti yangu akigeukia ukuta pale kituoni, nikajua kwamba aliwahi kutuita, akaita tena, na mwishowe akaacha.

Mke wangu hakuwa na kosa hapo. Huzuni ya mama baada ya kujifungua ni ugonjwa, na una msaada, na huku kwetu ambako karibu kila nyumba ina mtu wake aliyepotea, wauguzi wanaujua kuliko tunavyodhani. Alianza kuonana na mama mmoja mshauri kila Alhamisi. Lakini kwanza kabisa alihitaji kulala na kula, na hilo lilikuwa mikononi mwetu. Koko akahamishia godoro lake kwetu. Mimi nikabadilishana zamu na mwenzangu kazini, pesa ikapungua kidogo, nikawa nafika nyumbani saa kumi. Kuanzia saa kumi hadi usiku mtoto ni wangu, na mama yake anakula chakula cha moto akiwa amekaa, mikono mitupu.

Sikujua pa kuanzia. Siku ya kwanza nilimsomea bei za unga kwenye simu. Koko akaniambia nimtazame, nimweleze ninachofanya, kisha ninyamaze nimpe nafasi yake. "Nimpe nafasi ya nini, mama? Hajui kusema." Akanijibu, "Wewe nyamaza uone." Nikanyamaza. Baada ya muda nilioona mrefu sana, mtoto akasema "eeh." Siku za baadaye tukatengeneza vitu vya kuchezea: chupa ya maji yenye maharage ndani, vifuniko vya kupangwa, kitambaa cha kujifichia uso. Koko anamwimbia Kihavu, mama yake anamsemesha Mashi, mimi Kiswahili. Nilihofia tutamchanganya, muuguzi akasema watoto wa Bukavu wamekua na lugha tatu siku zote.

Baadaye nilikuta kwamba huko Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, na baadhi yao wakatembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama akionyeshwa jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuokoteza kama hivyo vyetu. Wengine walipewa maziwa tu. Miaka ishirini baadaye, waliochezewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezewa. Maziwa peke yake hayakuacha tofauti ya kudumu. Nilisoma habari hiyo mara mbili, nikamsomea na mke wangu kwa sauti.

Binti yetu alikaa mwenyewe wiki mbili kabla hajafikisha miezi tisa, akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi. Koko alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mkono ulichelewa zaidi; ulibaki njano miezi miwili mingine, na mara moja kuhara kulirudi tukaogopa sana.

Wiki iliyopita tulirudi kwenye kipimo. Ana miezi kumi na tatu, anasimama akishikilia kitenge cha koko. Utepe ulisoma 131. Muuguzi alikuwa anaandika kwenye fishi, binti yangu amekaa juu ya meza mbele yake, akaanza kumweleza jambo refu kwa sauti kubwa, mikono hewani, bila neno hata moja tunalolijua. Muuguzi akaweka kalamu chini, akamtazama, akasubiri amalize, kisha akamjibu.